Alama ya Usawa Katika Somo la Kiingereza: Neno "Car" na Neno "Gari"

Na mkufunzi wa Kiingereza katika chuo cha ualimu, Pemba

Katika makala haya nakusudia kuzungumzia jambo dogo, ambalo kwa udogo wake aghalabu hupita mbele ya macho yetu bila ya kutazamwa. Jambo lenyewe ni ile alama ya usawa, yaani vile vijistari viwili vilivyolala sambamba, ambayo mwalimu wa Kiingereza huiandika ubaoni baina ya neno la Kiingereza na neno la Kiswahili. Mwalimu huandika "car", akatia alama hiyo, kisha akaandika "gari". Wanafunzi hunakili, kipindi huendelea, na kila mmoja huamini kuwa neno limekwisha kufundishwa. Maoni yangu ni kwamba neno halijafundishwa. Na zaidi ya hayo, mara nyingine tumefundisha kosa ambalo baadaye tutamtia mwanafunzi alama nyekundu kwa ajili yake.

Sikulichagua neno hili kwa sababu ni gumu. Nimelichagua kwa sababu ni jepesi, na kila mtoto aliyefika darasa la 5 amekwisha kukutana nalo. Ikiwa neno jepesi kama hili lina mitego, basi yale maneno mengine tunayoyapitia mbio mbio yana mitego mingapi?

Kisa cha darasani

Miaka michache iliyopita, wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa la 5 katika skuli moja ya shamba, kaskazini ya kisiwa chetu. Mwalimu-mwanafunzi niliyekwenda kumtazama alikuwa kijana hodari. Andalio lake la somo lilikuwa safi, na alikuwa amechora gari dogo la kifahari kwenye karatasi ngumu, kwa rangi nzuri. Aliandika "car", akatia alama ya usawa, akaandika "gari". Darasa zima likarudia neno kwa sauti moja mara nne au tano. Kisha akawaambia kila mtu aandike sentensi mbili juu ya gari analolijua.

Mtoto mmoja wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono, akasimama, akasoma: "My father has a car. It has two tyres and one cow."

Darasa likaangua kicheko. Kijana wangu naye alicheka kidogo, si kwa ubaya, akamwambia akae, akachukua daftari lake na kulitia alama ya kosa. Mtoto akakaa. Mkono wake haukunyanyuka tena mpaka kengele ilipolia.

Baada ya kipindi nilimwita nje ya darasa.

"Mwanangu, hiyo gari uliyoiandika ni gari gani?"

"Gari yetu, mwalimu. Gari ya ng'ombe."

"Basi kwa nini umeandika kuwa ina ng'ombe?"

Akanitazama kwa mshangao, kama mtu anayeulizwa kwa nini jahazi lina tanga. "Si ndiyo anayeivuta, mwalimu?"

Nakiri hapa mbele ya wenzangu kwamba siku ile sikufanya lililonipasa. Nilimpapasa mtoto begani, nikarudi ofisini, nikaandika katika ripoti yangu kuwa somo lilikwenda vizuri ila baadhi ya wanafunzi hawakulielewa neno. Nilimpa kijana wangu alama nzuri. Wiki ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya mazoezi, na siku ya Ijumaa tukaondoka.

Jioni moja, muda baadaye, nilisimama kando ya barabara kupisha gari la ng'ombe lililopakia magunia ya karafuu. Lilikuwa na tairi mbili kuukuu zilizotoka kwenye gari la injini, na ng'ombe mmoja. Hapo ndipo niliporudia moyoni sentensi za yule mtoto na kuzipima moja moja. Mtenda na kitendo vilikubaliana. Kiwakilishi kilikuwa sahihi. Wingi wa "tyres" ulikuwa sahihi. Hata habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Palikuwa na neno moja tu lisilofaa, na neno hilo hakulitoa kwao. Alipewa na sisi, ubaoni, pamoja na alama ya usawa iliyomhakikishia kuwa popote asemapo "gari" anaweza kusema "car".

Maneno mawili yasiyo ndugu

Kwa kuwa sauti za maneno haya mawili zinakaribiana, wako walimu wanaodhani kuwa "gari" limetokana na "car". Mimi mwenyewe niliwahi kuwaambia wanafunzi hivyo. Si kweli. Neno "gari" limetujia kutoka Bara Hindi, ambako katika Kihindi na Kigujarati lilikuwa jina la chombo cha magurudumu kinachovutwa na mnyama. A. C. Madan, alipochapisha kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903, alilikuta neno hili limekwisha kukaa katika lugha yetu, tena kwa maana pana ya kila chombo chenye magurudumu. Kwa hivyo halikuingoja motokaa lipate kuzaliwa.

Neno "car" nalo limepita njia nyingine. Warumi walikuwa na neno "carrus", ambalo walilichukua kutoka kwa makabila ya Kiselti waliopakana nao, na maana yake ilikuwa mkokoteni wa magurudumu. Neno hilo likapita katika Kifaransa cha Wanormani na kuingia katika Kiingereza katika zama za kati. Kwa karne nyingi "car" ya Waingereza ilivutwa na mnyama. Mwaka 1886 Karl Benz alipata hataza ya chombo chake cha injini ya petroli huko Ujerumani, na vyombo vya namna hiyo vilipoenea Uingereza vikaitwa "motor car". Baadaye watu wakaona uvivu kutamka maneno mawili, wakabakisha "car" peke yake.

Hapa mwalimu aone jambo la ajabu. Maneno yote mawili yalianza nyuma ya mnyama, na yote mawili yakakutana na injini. Lakini yalipokutana nayo, kila moja lilifanya lake. "Car" liliifuata injini na kumwacha mnyama, na kazi ya kale ikabakia kwa maneno mengine, kama "cart" na "carriage". "Gari" liliipokea injini bila ya kumwacha ng'ombe. Lilipopata mgeni mpya liliongeza kijalizo tu: gari la ng'ombe, gari la moshi, gari la abiria, gari la wagonjwa, gari la taka. Huu si upungufu wa Kiswahili. Ni utaratibu wake wa kupanga vitu, nao ni utaratibu wenye akili, maana unamwambia msikilizaji kwanza jamii ya kitu na kisha sifa yake.

Kiingereza, kinyume chake, hutoa jina jipya kila mara. Gari la ng'ombe ni "cart". Gari la moshi ni "train". Gari la abiria ni "bus". Gari la mizigo ni "lorry", na Wamarekani husema "truck". Gari la wagonjwa ni "ambulance". Katika yote hayo, "car" ni lile gari dogo tu la watu wachache, lenye injini, linalokwenda barabarani. Mtoto wa Pemba anayesema "gari" amebeba mkononi ufunguo wa nyumba nzima. Anayesema "car" amefungua chumba kimoja.

Kadhalika "car" nalo huvuka mpaka mara mojamoja na kwenda mahali ambapo "gari" halimfuati sawasawa. "Cable car" ni chombo kinachoning'inia kwenye waya, na Wamarekani huita behewa la reli "car". Haya mwanafunzi wa darasa la 5 hayahitaji, lakini mwalimu ayajue, asije akashangaa siku atakapoulizwa.

Tutazame upande wa bahari

Huenda mwenzangu akasema kuwa tofauti hizi za majina zinamchosha mtoto bure. Nami ninamjibu kwa kumwelekeza baharini. Mtoto wa Pemba hachanganyi ngalawa na mtumbwi, kwani anajua ngalawa ina ndubi na mtumbwi hauna. Halichanganyi dau, lililochongoka mbele na nyuma, na mashua iliyokatwa tezi. Na jahazi analijua kwa ukubwa wake tangu mbali. Mgeni wa Kiingereza anayesimama gatini Wete huviona vyombo hivyo vyote akaviita "boat". Akitaka kujifunza Kiswahili, naye mwalimu wake akamwandikia kuwa "boat" ni sawa na "boti", atakwenda Mkoani kuulizia boti na kuelekezwa kwenye chombo kikubwa cha injini kinachokwenda Unguja, hali yeye alitaka ngalawa ya kuvulia.

Kosa la mgeni huyo na kosa la mtoto wetu ni kosa moja. Kila lugha imekata ulimwengu kwa kisu chake, na imekata vipande vidogo vidogo pale ambapo wenyewe wana shughuli nyingi. Mwalimu akianza na mfano wa bahari, wanafunzi huielewa hoja kwa dakika chache, tena kwa furaha, kwa sababu wao ndio wajuzi na Mwingereza ndiye anayekosea. Mtoto aliyekwisha kumcheka mgeni kwa kuita ngalawa boti hatakuwa na uzito wa kukubali kuwa "cart" si "car".

Maana peke yake haitoshi

Mtaalamu wa lugha J. R. Firth alisisitiza katika maandishi yake ya mwaka 1957 kwamba maana ya neno haiwezi kutafutwa mbali na maneno yanayofuatana nalo. Kabla yake, mwaka 1953, Michael West alitoa orodha yake ya maneno ya kawaida ya Kiingereza, ambamo neno moja lenye maana kadhaa lilionyeshwa maana zake moja moja na wingi wa matumizi ya kila moja. Mafunzo hayo ni ya zamani, lakini ubao wetu bado haujayapokea. Tutazame "car" linapoingia katika sentensi, tuone mahali ambapo wanafunzi wetu huanguka, na kwa nini huanguka.

Kwanza ni wingi. Vitabu vya Kiswahili sanifu husema gari hili na magari haya. Lakini sisi hapa visiwani, tunapozungumza, husema gari hii na gari hizi, na jina lenyewe halibadiliki. Mtoto anayeandika "two car" si lazima awe amesahau kanuni. Huenda ameifuata kanuni ya nyumbani kwao, ambapo gari mbili ni gari tu. Mwalimu akilijua hilo, hatosema "umesahau s" kwa mara ya ishirini. Atamwonyesha kwamba katika Kiingereza jina hili lazima lionyeshe wingi wake lenyewe.

Pili ni kupanda na kuteremka. Kwetu mtu hupanda gari, hupanda baiskeli, hupanda ndege na hupanda punda, na kote huko huteremka. Kiingereza hugawa. Kwa gari dogo, ambalo mtu huinama na kuketi, husemwa "get into the car" na "get out of the car". Kwa basi, treni, meli na ndege, ambamo mtu anaweza kuingia akitembea, husemwa "get on" na "get off". Baiskeli, pikipiki na punda nazo hufuata "get on" na "get off", kwa kuwa mtu hukaa juu yake. Mwalimu aangalie lakini asizidishe ukali: aliyeketi ndani ya basi anaweza kusema "in the bus" wala asiwe amekosea.

Tatu ni kile kineno "by". "Nilikwenda Chake kwa gari" ni "I went to Chake by car", bila ya "a" wala "the". Mwanafunzi akiongeza "the" na kusema "by the car", maana hugeuka, kwani "he stood by the car" ni "alisimama kando ya gari". Na kwa kuwa Kiswahili husema kwa gari na kwa miguu, mwanafunzi huandika "by car" na "by foot", hali ya kuwa Waingereza kwa kawaida husema "on foot". Kosa hili nimeliona hata katika barua za maombi ya kazi za watu waliomaliza kidato cha 4.

Nne ni kitenzi. Sisi huendesha gari na huendesha baiskeli. Kiingereza husema "drive a car" lakini "ride a bicycle". Abiria wa gari hasemi "I drove" ikiwa yeye hakushika usukani. Nimewahi kusoma insha ya mwanafunzi aliyedai kuwa alimwendesha bibi yake mpaka hospitali kwa gari, naye ana umri wa miaka kumi na mmoja. Alichotaka kusema ni kuwa alimpeleka, wote wawili wakiwa ni abiria.

Tano ni sauti. Waingereza hawaitamki ile "r" ya mwisho ya "car" linaposimama peke yake; Wamarekani huitamka. Wazee wetu walisikia vizuri walipotohoa neno "motokaa", kwani sehemu yake ya mwisho ndiyo hasa sauti ya Kiingereza cha Uingereza. Neno hilo siku hizi halisikiki sana, lakini ni zana nzuri ya kufundishia matamshi na haina gharama. Tena lipo gari dogo la mizigo la Suzuki Carry, ambalo wengi wetu hulitamka keri. Mtoto anayekutana na kitenzi "carry" kitabuni huweza kudhani kuwa kinazungumzia gari lile. Mwalimu asimkatishe tamaa. Amwambie kuwa "carry" maana yake ni kuchukua kitu, na kwamba kwa asili kitenzi hicho na jina "car" ni watoto wa mzazi mmoja, maana hapo kale kuchukua kulikotajwa ni kuchukua kwa gari.

Badala ya alama ya usawa

Alama ya usawa ni mali ya Hisabati, na huko ina kazi yake ya haki. Ikiwa hatuna budi kuazima kitu kutoka kwa wenzetu wa Hisabati, basi tuazime seti. Mwalimu achore ubaoni duara kubwa, aliandikie "gari". Ndani yake achore viduara vidogo: "car", "bus", "lorry", "cart", "train". Mchoro huo huchukua dakika moja, nao husema kweli. Humwambia mtoto kuwa kila "car" ni gari, lakini si kila gari ni "car".

Kabla ya mchoro huo, napendekeza mwalimu aanze na barabara. Awape wanafunzi kazi, siku moja kabla ya somo, ya kuandika kwa Kiswahili kila chombo cha magurudumu kilichopita mbele ya nyumba yao au njiani kwenda skuli. Kesho yake orodha zisomwe. Patakuwa na gari la ng'ombe, gari la abiria, lori la mchanga, teksi, baiskeli, vespa, pengine gari la wagonjwa. Gari la moshi halitakuwemo, kwani Pemba haijapata kuwa na reli. Mwalimu anaweza kuwasimulia kuwa Unguja ilikuwa nayo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kutoka mjini mpaka Bububu.

Kisha wanafunzi wavipange vyombo hivyo wenyewe: kinachovutwa na chenye injini, cha watu na cha mizigo, cha watu wachache na cha watu wengi. Wakimaliza kupanga, ndipo Kiingereza kiingie, kila fungu lipewe jina lake. Wakati huo mtoto analihitaji jina, kwa hiyo atalishika. Baada ya hapo mwalimu atoe sentensi chache za kufuatisha, zenye neno, kihusishi na kitenzi chake pamoja: "We go to school on foot." "My uncle drives a bus." "My father has a cart. One ox pulls it." Katika sentensi hii ya mwisho atakuwa pia ameonyesha kuwa ng'ombe wa gari huitwa "ox", wala si kila ng'ombe ni "cow".

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa, ni namna ya kusahihisha. Kabla ya kutia alama nyekundu, mwalimu ajiulize kosa hili limetoka wapi. Na akishindwa kujua, amwulize mtoto, tena kwa Kiswahili. Mara nyingi atagundua kuwa mtoto amefikiri sawasawa kutokana na kile alichopewa.

Pingamizi

Najua yatakayosemwa. Wapo watakaosema kuwa muda hautoshi na madarasa yamejaa. Hilo ni kweli, nami silidharau, kwani nimefundisha darasa ambalo watoto walikaa chini kwa kukosa madawati. Lakini tuhesabu pia muda tunaoutumia kulisahihisha kosa lile lile tangu darasa la 5 mpaka kidato cha 4. Kipindi kimoja cha barabarani kinatoa maneno saba au manane pamoja na matumizi yake. Orodha ya alama za usawa hutoa maneno ishirini ambayo kesho yake hayajui pa kukaa.

Wapo wengine, nao ni wenzangu waliosoma sana, watakaosema kuwa dawa ni kukiondoa Kiswahili kabisa katika kipindi cha Kiingereza, mwalimu aonyeshe picha tu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kijana wangu alikuwa na picha, tena nzuri. Picha huonyesha kitu kimoja. Haionyeshi neno linakoma wapi. Mtoto akiiona picha ya gari husema moyoni mwake "gari", na ile alama ya usawa hujiandika kichwani hata kama haikuandikwa ubaoni. Kiswahili hakiwezi kutolewa nje ya darasa, kwa sababu kimeingia pamoja na mtoto. Bora tukikaribishe mbele, tukifanyishe kazi ya kulinganisha, kuliko kukiacha kifanye kazi kwa siri.

Wapo pia watakaosema kuwa mtihani hauulizi asili ya maneno. Ni kweli, wala sisemi mtoto afundishwe habari za Warumi na Wanormani. Habari hizo ni za mwalimu. Ni akiba yake, ili ajue kwa nini anasema anachokisema.

Kwa nini jambo hili ni zito

Huenda msomaji akaona nimelifanya jambo dogo kuwa kubwa. Tukumbuke kwamba Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5, na kwamba sekondari hutegemea Kiingereza katika masomo mengi. Mtu anaweza kuikubali sera hiyo au kuipinga. Mjadala huo ni mrefu na si wa makala haya. Lakini mara Kiingereza kinapokuwa mlango wa masomo mengine, neno lililofundishwa vibaya halibaki tena katika daftari la Kiingereza. Linamfuata mtoto. Swali la Hisabati linalosema kuwa "a cart carries 5 bags on each trip" halimpimi hesabu yule asiyejua "cart" na anayedhani "carry" ni gari. Linampima Kiingereza, kisha linaandika matokeo katika safu ya Hisabati.

Na lipo lililo zito zaidi ya alama. Yule mtoto wa mstari wa nyuma alijitolea kusimama mbele ya wenzake na kusema habari ya kweli ya nyumbani kwao kwa lugha ya kigeni. Hilo ndilo tunalolitafuta kwa miaka yote katika ufundishaji wa lugha, tukalitungia malengo mahsusi na shabaha za somo. Alipolifanya, tulimcheka. Watu wazima wawili wenye mafunzo ya ualimu walikuwa chumbani mle, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kuwa sentensi zake zilikuwa nzuri na kwamba palikosekana herufi moja tu, ile "t" ya "cart". Ijumaa tukaondoka. Sijui kama mkono ule ulinyanyuka tena.

Ombi kwa walimu wenzangu

Namaliza kwa ombi ambalo halihitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Kwa muhula mmoja tu, tujizuie kuiandika alama ya usawa baina ya neno la Kiingereza na la Kiswahili. Mahali pake tuweke duara, au sentensi, au swali. Pamoja na hayo, kila mwalimu awe na daftari dogo ambamo atayaandika makosa ya wanafunzi wake, na mbele ya kila kosa aandike anadhani limetoka wapi: limetoka katika Kiswahili sanifu, limetoka katika lahaja ya nyumbani, au limetoka ubaoni kwetu. Mwisho wa muhula tuyalete katika kurasa hizi tuyalinganishe. Mimi nimekwisha kulifungua langu. Katika ukurasa wake wa kwanza zipo sentensi mbili juu ya tairi mbili na ng'ombe mmoja, na mbele yake nimeandika: kosa la mwalimu.